Kwa nini jarida la wanaume transi lilianzia chumbani

Ukiingia kwa kinyozi yeyote Mombasa, uwe Kongowea uwe Likoni, utalikuta lile bango ukutani, vichwa vya wanaume vimepangwa mistari mistari, kila kimoja na namba yake, wewe unakaa kwenye kiti unasema nipe namba 7, basi, yameisha. Mimi nimenyolewa chini ya mabango hayo maisha yangu yote na sikuwahi kuona kama yana maana yoyote. Aliyenifungua macho ni rafiki yangu mmoja, jina lake silitaji hapa na yeye anajua kwa nini. Aliniambia alipokuwa na miaka 14, bado anaitwa binti, bado anavaa sketi ya shule, alikuwa anajitolea kumpeleka mdogo wake kunyolewa kila baada ya wiki mbili, mamake akawa anamsifu kwa majirani kwamba huyu msichana wangu ana huruma na mdogo wake jamani, kumbe mwenzangu anafuata lile bango. Anakaa kwenye benchi anachagua. Leo namba 5, safari ijayo labda 11, ile yenye kistari upande. Hakunyolewa hata moja. Alikuwa anachagua tu kimoyomoyo, halafu anamshika mdogo wake mkono wanarudi nyumbani.

Nimeanza na bango kwa sababu nataka kueleza kitu ambacho watu wakikisikia wengine wanashtuka, wengine wanakasirika kabla hujamaliza sentensi: kwamba kuna wanaume waliozaliwa wakaandikwa wasichana, na kwamba wanaume hao waliwahi kuwa na jarida lao wenyewe, la rangi, la mapicha, la nywele na nguo na kazi na mapenzi, linaitwa Original Plumbing, lilianza San Francisco kule Marekani mwaka 2009. Kila nikilitaja naulizwa swali lile lile, sasa jarida la nini? Si wapewe dawa, si wapewe haki zao mahakamani, haya mambo ya fasheni yanatoka wapi? Swali lenyewe si baya, ila jibu lake lina mzunguko kidogo, inabidi tutembee nalo polepole.

Tuanze na maneno maana hapo ndipo panapovurugika sana. Kiswahili kina neno jinsi na neno jinsia, na sisi wenyewe tunayachanganya kila siku, hata magazetini. Jinsi ni vile mwili ulivyozaliwa, mkunga anaangalia anasema mtoto wa kike, mtoto wa kiume, inaandikwa. Jinsia ni vile mtu anavyojijua ndani na vile jamii inavyompangia awe, avae nini, akae wapi msibani, aitwe nani. Mwanaume transi ni yule ambaye pale mwanzo aliandikwa msichana na yeye ni mwanaume. Sio huntha. Huntha ni mtu aliyezaliwa na mwili ambao haukai sawasawa kwenye ile mistari miwili ya mkunga, na Kenya iliwahesabu kwenye sensa ya 2019, walijitokeza 1,524. Mwanaume transi mara nyingi mwili wake aliozaliwa nao haukuwa na utata wowote kwa daktari, utata ni kwamba unasema kitu kimoja na yeye anajijua kitu kingine. Na pia usagaji ni habari nyingine kabisa, kule tunazungumzia unampenda nani, huku tunazungumzia wewe ni nani. Mtaani tunawafunga wote kwenye kifurushi kimoja, tomboi, msagaji, huntha, na ukishamfunga mtu hivyo hata ukitaka kumsaidia hujui pa kuanzia.

Sasa mwili. Wengi wao, sio wote, wanatumia homoni ya testosteroni, kwa kawaida ni sindano. Ndani ya miezi michache sauti inaanza kukatika kama ya mvulana wa darasa la saba, hedhi inakoma, chunusi zinarudi, ndevu zinachukua muda wake, kwa wengine ni miaka. Sauti ikishashuka hairudi juu hata dawa ikiachwa. Lakini kitu ambacho homoni haiondoi ni matiti. Hapo ni oparesheni, na kwa asiyeweza oparesheni, ambao ndio wengi, ni kubana. Kuna nguo maalum ya kubana kifua, wenyewe wanaiita bainda, inakaa kama fulana fupi iliyokaza. Rafiki yangu hakuwa nayo. Alikuwa anatumia bandeji ya duka la dawa, ile ya rangi ya ngozi inayovutika, anaizungusha mara 4, anaifunga kwa pini, anavaa fulana, anavaa shati juu, na hiyo ni Mombasa ya Februari ambapo hata asiyevaa kitu anatoka jasho. Akipanda ngazi anasimama katikati kama mzee. Usiku nilikuwa naona alama nyekundu chini ya kwapa pale anapojikuna. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba bandeji ile ndiyo mbaya kuliko zote, kwamba inaendelea kukaza kadri unavyopumua na inaweza kuumiza mbavu, na kwamba hata bainda ya kweli ushauri wa kawaida ni usiivae zaidi ya masaa 8 kwa siku na usilale nayo. Angeambiwa na nani? Kwenda kuuliza hospitali ni kujitangaza. Mama ndio kabisa. Kwa hiyo ndio hivyo, kijana wa miaka 19 anajifunga kwa kubahatisha.

Na hapa ndipo pana fundo lenyewe, ukilielewa hili jarida linajieleza lenyewe. Mwanaume transi akishatumia homoni miaka 3 au 4, ukikaa naye siti moja kwenye matatu humjui. Ana ndevu, ana sauti, anabishana na konda kuhusu chenji kama sisi wote. Mwanamke transi mara nyingi jamii inamkodolea macho, anaonekana hata pale asipotaka, na hiyo ina hatari zake kubwa. Mwanaume transi anamezwa na umati. Ni usalama, kwa kweli ni usalama na hakuna wa kumlaumu kwa kuukimbilia. Tena hata madaktari wa zamani kule Marekani, enzi za kliniki za vyuo vikuu miaka ya 60 na 70, walikuwa wanawashauri wagonjwa wao hivyo hivyo, ukimaliza matibabu hama mji, anza upya, utoto wako utungie hadithi nyingine. Sasa piga hesabu kinachotokea. Kila anayefika anatoweka. Kila anayeanza anaangalia mbele haoni mtu. Anadhani ni yeye peke yake tangu dunia iumbwe, kumbe pengine fundi anayewatengenezea baiskeli alishaipita njia hiyo hiyo miaka 20 iliyopita na anaogopa kusema.

Ndio maana kwao karatasi ilikuwa na uzito ambao sisi wengine hatuujui. Mwaka 1960 kule Marekani kulikuwa na jarida linaitwa Transvestia, lakini lile lilikuwa la walioandikwa wanaume. Waliokuja upande wa pili walisubiri. Kanada, Rupert Raj, mwanaume transi aliyezaliwa 1952, mmoja wa wazazi wake ana asili ya India, alianza kutoa kijarida kinaitwa Metamorphosis mwaka 1982, akakisukuma mpaka 1988. Na San Francisco alikuwepo Lou Sullivan.

Huyu Lou inabidi nikae naye kidogo. Alizaliwa Milwaukee mwaka 1951, akaja kuishi San Francisco kama mwanaume, na alikuwa mwanaume anayependa wanaume. Kliniki zilimkatalia matibabu kwa sababu hiyo, hesabu yao ilikuwa haiingii akilini, kama unapenda wanaume si ubaki mwanamke tu uolewe? Unaona sasa lile nililosema juu, kwamba unampenda nani na wewe ni nani ni vitu viwili, hata madaktari walikuwa hawajalielewa, yeye ndiye aliyewafundisha kwa kuwaandikia na kuwaandikia tena. Mwaka 1986 alianza kuwakusanya wenzake kwa mikutano, na 1987 akaanza kutoa kijarida cha kurasa chache chenye jina la FTM, yaani kutoka mwanamke kwenda mwanaume. Kilikuwa na vitu gani? Daktari gani anasikiliza, oparesheni ipi ina matokeo gani, mkutano ujao lini, barua za watu walioko vijiji vya mbali. Kilikuwa ramani, hakikuwa na urembo wowote na hakikuhitaji. Wakati anakianza alikuwa tayari ameshajua ana ukimwi. Alifariki Machi 1991 akiwa na miaka 39, na mwenzake Jamison Green akakichukua akakiendeleza. Mimi kila nikifikiria kwamba mtu amepewa habari ya kifo na kitu anachokwenda kufanya ni kuwatafutia wengine anwani za madaktari, naishiwa maneno.

Halafu ikaja picha. Mwaka 1996 mpigapicha Loren Cameron, mwanaume transi, alitoa kitabu cha picha zake na za wenzake, na kwenye picha zake mwenyewe amesimama uchi, misuli, tatuu, huku ameshika mkononi ile pampu ndogo ya mpira yenye mrija wa kufyatulia kamera. Hakuificha. Angeweza kuikata nje ya picha na asingejua mtu, lakini aliiacha, ili unayeangalia ujue hii picha hakunipiga daktari wala mwandishi wa habari, nimejipiga mwenyewe.

Kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa? Kwa sababu angalia ni wapi pengine mwanaume transi alikuwa anaonekana. Kwenye kurasa za mauaji: Brandon Teena, kijana wa miaka 21, aliyeuawa Nebraska siku ya mwisho ya mwaka 1993. Kwenye habari za hospitali: Robert Eads wa Georgia, alipata saratani ya ovari, madaktari zaidi ya 20 wakakataa kumpokea, wengine wakihofia wagonjwa wao wengine watajisikia vibaya kukaa naye chumba cha kusubiri, akafariki Januari 1999. Na kwenye maajabu ya dunia: mwaka 2008 Thomas Beatie wa Oregon, mwanaume transi aliyebeba mimba kwa sababu mkewe hakuweza kuzaa, akaenda kwa Oprah, picha ya lile tumbo na zile ndevu ikazunguka dunia nzima, na kwa watu wengi sana hiyo ndiyo ikawa picha pekee ya mwanaume transi waliyowahi kuiona. Maiti, mgonjwa, kioja. Sasa kijana wa miaka 16 anayejitafuta achague yupi kati ya hao? Lile bango la kinyozi lilimtendea haki kuliko magazeti yote hayo, angalau lilimpa vichwa 20 vyenye nywele nzuri.

Mwaka mmoja baada ya Beatie, ndio wakaja hawa wawili. Amos Mac, mpigapicha, na Rocco Kayiatos, ambaye alikuwa anarap kwa jina la Katastrophe, wote wanaume transi. Wakatoa toleo la kwanza la Original Plumbing, na mada ya toleo hilo ilikuwa chumba cha kulala. Amos anakwenda kwa mtu, kwenye chumba chake mwenyewe, na kamera.

Jina kwanza. Maana yake ni mabomba ya asili, kama vile fundi bomba anavyokwambia nyumba hii mabomba yake bado ni yale ya mwanzo. Ulikuwa ni usemi wao kwa mwanaume transi ambaye hajafanya oparesheni ya sehemu za siri. Na unajua wewe na mimi tunajua, ukimtaja mwanaume transi popote, barazani, kazini, kwenye harusi, swali la kwanza la watu ni lile la chini ya mkanda. Wao wakalichukua lile swali wakaliweka kwenye jalada, kubwa, mbele, likawa ndio jina la jarida. Haya, mmeshauliza, tumeshajibu, sasa fungua kurasa tuongee mengine. Naona ni jina lenye akili sana.

Na mengine yenyewe ni yapi? Nywele lilikuwa toleo zima. Afya na ngono salama toleo zima, na ukimkumbuka Robert Eads utaelewa kwa nini jarida la mitindo liliingia kwenye habari za afya bila kuomba ruhusa ya mtu, mtu yuleyule aliyevaa shati zuri ana mlango wa kizazi unaohitaji kupimwa, na nani mwingine angemwambia kwa lugha isiyomdhalilisha. Kazi, toleo. Fasheni. Shule. Nimefanya kazi ya kupanga kurasa za majarida kwa miaka kadhaa, na nakwambia mada ya toleo ndiyo inayoonyesha mhariri anamwona nani anaposhika kalamu. Mhariri anayeweka mada ya kazi anamwona msomaji ambaye kesho asubuhi anaamka anakwenda kibaruani na anahitaji kujua amwambie nini bosi wake kuhusu jina lililoko kwenye vyeti. Kijarida cha Lou kilikuwa kinamjibu mtu anayeuliza nitafikaje. Hili sasa linamjibu anayeuliza nikishafika nitaishi vipi, nitapendwa, nitazeeka, nitapata kazi, nitavaa nini kwenye harusi ya dada yangu mimi mwenye futi 5 na nyonga hizi.

Sisi wenyewe tunalijua hilo kwa uzoefu. Wakenya wa umri fulani wanakumbuka jarida la Parents, Eunice Mathu alilianzisha 1986, kwenye jalada kuna mke na mume wanatabasamu, na nyumba ngapi watu wamejifunza namna ya kuzungumza kuhusu ndoa kutoka mle, sio kutoka kwa mshauri yeyote. Tanzania kuna Femina tangu 1999, jarida lao likafika shule za sekondari, vijana wa kawaida wenye sura zao na majina yao wanaongelea ukimwi na mapenzi na biashara ndogondogo. Hakuna aliyesema hayo ni mambo ya kipuuzi. Kijana anajifunza kuishi kwa kumwona mwenzake anaishi, hakuna njia nyingine iliyowahi kupatikana, na jarida la maisha kazi yake ni hiyo.

Turudi chumbani sasa. Kwa nini kitanda, kwa nini sio studio yenye taa? Nina maelezo yangu. Studio inamfanya kila mtu afanane. Lakini chumbani kuna shuka lake, kuna viatu chini ya kitanda, kuna bango alilobandika akiwa kijana, kuna chupa ya dawa kwenye droo. Na kifua. Kwa mwanaume transi chumbani ndipo pahali pekee ambapo bainda inavuliwa. Kumkaribisha mtu chumbani na kamera maana yake umemkaribisha pale ambapo hujibani. Na aliyeko nyuma ya kamera naye ana historia ile ile, hahitaji kuelezwa kovu ni la nini. Maana makovu yako, kwenye picha zao utayaona sana, mistari miwili chini ya kifua, mmoja kila upande. Rafiki yangu alipoletewa na binamu yake wa Toronto kile kitabu kilichokusanya matoleo bora ya jarida, kilitoka 2019, jambo la kwanza alilolifanya ni kuyahesabu. Hakusoma. Alikaa sakafuni kwangu, feni inazunguka, anageuza kurasa na kidole kinafuata mistari ile picha hadi picha, huyu yake imepinda, huyu imefifia, huyu ameichora tatuu juu yake. Nikamuuliza unatafuta nini. Akasema naangalia zikizeeka zinakuwaje.

Sitaki kulifanya jarida malaika. Jarida la mapicha lina ugonjwa wake, linachagua, na likishachagua wanaofanana mara nyingi kuna wanaofunga ukurasa wanajiona bado hawajawa wanaume wa kutosha: mnene, mweusi, mwenye mwili ambao homoni haijaufanyia mambo haraka, mwenye miaka 55. Malalamiko ya aina hiyo yalikuwepo na naona yalikuwa ya haki. Bango la kinyozi nalo lina dhambi hiyo hiyo, hakuna kichwa chenye upara pale. Lakini anayekosa kuwemo kwenye jarida anaweza kulidai, anaweza kuandika barua, anaweza kuanzisha lake. Asiye na jarida kabisa atamdai nani?

Halafu kuna habari ya hela, ambayo watu hawapendi kuisikia. Jalada liliandikwa kwamba ni jarida la kila robo mwaka. Jarida la robo mwaka kwa miaka 10 lingetoa matoleo 40. Wao mpaka wanafunga 2019 walikuwa na matoleo 20. Ukiwahi kulipia uchapaji wa rangi utaelewa bila kuelezwa zaidi. Wasomaji wamesambaa huku mmoja kule mmoja, unategemea watu wanaojiandikisha, maduka ya vitabu, sherehe za kuzindua toleo ambapo watu wanakuja kucheza muziki na kununua nakala. Mimi zile 20 naziona nyingi sana.

Na wakati huo intaneti ilikuwa imeshaingia kati. Vijana wanajirekodi sauti, wiki ya kwanza ya homoni, mwezi wa tatu, mwaka wa pili, unasikia kabisa sauti inashuka ngazi. Ni kitu kizuri na kimewaokoa wengi kwenye upweke. Ila ukiangalia vizuri video nyingi zinaishia pale mtu anapobadilika, sauti imeshuka, ndevu zimetoka, akaunti inanyamaza. Ameshafika, ametoweka, kama wale wa zamani. Jarida lilikuwa linamfuata hata baada ya hapo, mpaka kazini kwake, mpaka kwa mpenzi wake.

Sasa swali la huku kwetu, maana najua unalo. Kwa nini hakuna la Kiswahili? Nitajibu kwa tarehe. Julai 2005, kiongozi wa mtaa na watu wake walivamia nyumba ya Victor Mukasa, mwanaume transi na mtetezi wa haki huko Uganda, wakachukua makaratasi yake, na mgeni aliyekuwepo akapelekwa polisi akavuliwa nguo ili wahakikishe jinsi yake. Kesi ilikwenda Mahakama Kuu na Desemba 2008 wakashinda, mahakama ikasema haki zao za faragha na utu zilivunjwa, wakaamriwa kulipwa fidia. Ni hukumu kubwa. Lakini miaka miwili baadaye, Oktoba 2010, yaani mwaka mmoja tu baada ya Amos kuanza kupiga wenzake vyumbani, gazeti moja dogo la Kampala lililojiita Rolling Stone, halina undugu na lile la Marekani, lilichapa majina na picha za watu liliodai ni mashoga, na anwani za wengine, na kwenye jalada maneno ya kutaka wanyongwe. David Kato, mtetezi wa haki za mashoga, alikuwa mmoja wao. Yeye na wenzake walikwenda mahakamani na mwanzo wa Januari 2011 wakashinda, na tarehe 26 mwezi huo huo akauawa nyumbani kwake.

Kwa hiyo ukimwambia mtu wa kwetu tukupige picha tuiweke jaridani, anachokumbuka ni picha ile. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule. Tofauti ni nani ameshika ile pampu ya mpira. Na sheria nazo, Uganda tangu 2023 anayehesabiwa anaeneza ushoga anaweza kufungwa mpaka miaka 20, na kama nilivyosema mwanzo kifurushi ni kimoja, wakikukamata na jarida hawatakaa kitako uwaelezee tofauti ya jinsi na jinsia na unampenda nani. Kenya angalau mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani libadilishe jina la Audrey Mbugua, mwanamke transi, kwenye cheti chake cha sekondari, na yapo mashirika, mojawapo linaitwa Jinsiangu, jina ambalo nalipenda kwa sababu ni jinsi yangu iliyotamkwa kwa pumzi moja. Lakini cheti ni cheti. Kwenye cheti huwezi kuona wenzako wanavaa nini.

Nilimuuliza rafiki yangu usiku ule, kitabu bado kiko magotini, kama lingekuwepo la kwetu, la Kiswahili, mada ya toleo la kwanza iwe nini, nikidhani atasema bainda, au vyeti, au dini. Hakufikiria hata kidogo. Akasema kinyozi. Halafu akanieleza kitu ambacho hakuwahi kunieleza miaka yote. Kwamba siku yake ya kwanza alivuka feri ya Likoni makusudi ili aende asikojulikana, akapita vibanda vitatu, akaingia cha nne, akakaa, moyo unamdunda mpaka anahisi kitambaa cha shingoni kinatikisika, sauti yake bado haijashuka hivyo alikuwa amepanga asiseme kitu, aonyeshe kwa kidole tu. Kinyozi akamfunga kile kitambaa, akawasha mashine, akamwangalia kwenye kioo akamuuliza, "Haya kijana, namba ngapi?"

Akajisahau, akajibu kwa sauti yake ile ile. Namba 11. Kinyozi akainamisha kichwa chake mbele, akaanza kunyoa.